Bilauri tano za bia Jambiani, na karafuu ambayo hakuna aliyeitia

KauntaYaMashariki (#1)

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nafanya kazi kaunta ya hoteli ndogo huku Jambiani, Unguja, huu mwaka wa sita. Kwetu ni Kibosho, Moshi. Nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo bia kwangu ni kazi na ni habari ya nyumbani pia. Alhamisi iliyopita limetokea jambo ambalo limebadilisha namna ninavyoiona kazi hii.

Tulipokea mapipa madogo ya bia aina tano kutoka kiwanda kidogo cha Bara, hivi viwanda vya watu wachache wanaopika kwa mitungi yao wenyewe. Meneja akataka tuwawekee wageni ubao wa kuonja: bilauri tano, kila moja mililita 120, zimepangwa kutoka nyepesi hadi nzito. Mpangilio huo una maana yake. Ukianza na ile chungu, ulimi unashikwa, na nyepesi ikija baadaye unaiona maji matupu. Basi tukapanga laga kwanza, ya pili bia ya ngano, ya tatu ile ya rangi ya shaba, ya nne IPA, ile chungu ya hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu), ya mwisho stauti, ile nyeusi. Kati ya bilauri na bilauri mgeni anapewa maji na kipande cha mkate wa boflo.

Pamoja na mapipa ilikuja kadi ya kumsomea mgeni, imejaa majina ya matunda ya Ulaya. Nusu yake sijawahi kuyaona kwa macho, na vijana ninaofanya nao kazi hali kadhalika. Kijana wa Makunduchi anasimama mbele ya meza anataja tunda asilolijua, akielezea harufu anayoijua vizuri kabisa kwa jina jingine. Hilo limekuwa likinisumbua siku nyingi.

Sasa saa tisa alasiri, kabla wageni hawajarudi kutoka ufukweni, namimina za majaribio. Shangazi yetu wa jikoni, mtu wa Mkoani, Pemba, akapita nyuma yangu na sinia la viungo vya pilau. Yeye hanywi, hajawahi kunywa, na sijawahi kumkaribisha. Alikuwa anapita tu. Akasimama.

"Nani katia karafuu humo?"

Nikamwambia hakuna karafuu shangazi, hii bia ya ngano. Akatua sinia, akaweka mikono nyuma, akavuta pumzi mara moja kutoka pale alipo.

"Si karafuu," akasema. "Makonyo hayo." Akachukua sinia lake akaenda zake.

Nikageuza pipa nisome karatasi yake: maji, kimea cha ngano, kimea cha shayiri, hopsi, hamira. Basi. Nikainusa tena, na safari hii nikaipata: karafuu kabisa, ile kali ya kukwaruza puani, na nyuma yake ndizi mbivu. Nimemimina bia za namna hii miaka yote hii na siku zote nilisema "ina viungo viungo". Yeye hata hakuigusa, akaitaja kwa jina.

Naomba mwenye elimu anisaidie. Imetoka wapi? Na kwa nini aseme makonyo? (Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akasema andika, lakini jina langu liache.)

Kijiti (#2)

Mkuu hapo hakuna muujiza. Wametia karafuu wakaacha kuandika. Kuna bia za Ubelgiji zinatiwa giligilani na maganda ya chungwa na wanaandika waziwazi. Hao wako wameficha.

MchumaKarafuu (#3)

Nitajibu hilo la makonyo, la bia liko nje ya maisha yangu. Mie ni mtu wa Wete na mikarafuu ya babu ndiyo iliyonisomesha.

Kwa wasiojua: karafuu ni tumba la ua kabla halijafunguka. Linachumwa kwa vishada, linaletwa nyumbani, halafu watu wanakaa kuchambua, tumba upande huu, kikonyo, kile kijiti kinachoshika tumba, upande ule. Kazi hiyo ni ya usiku, nyumba nzima, watoto na wakubwa. Tumba linaanikwa kwenye jamvi siku nne tano mpaka liwe kahawia, na kwa kadiri kilo tatu mbichi hukupa moja kavu. Makonyo nayo hayatupwi. Yanaanikwa peke yake, yanakwenda kukamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi, Chake.

Mtu aliyekaa kwenye uchambuzi miaka kumi anajua harufu ya rundo lipi ni lipi, hata taa ikizimika. Tumba lina ukali lakini ndani yake mna utamu, kama matunda. Kikonyo ni ukali mtupu, mkavu. Sababu ipo. Kinachonukia kwenye karafuu kinaitwa eujenoli. Kwenye mafuta ya tumba kuna vitu vyengine vinavyoilainisha. Kwenye mafuta ya makonyo eujenoli ni asilimia 90 na zaidi, karibu iko peke yake. Kwa hiyo shangazi yako hakukisia. Ameinusa hiyo harufu ikiwa uchi, bila ya utamu wa tumba, akasema makonyo. Mie ningesema hivyo hivyo.

Msishangae kuwa ni mtu wa Pemba. Ile tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zinatoka kwetu.

Kijiti (#4)

Basi umenisaidia hoja mkuu. Harufu ya makonyo ina maana wametia mafuta ya makonyo, ni rahisi kuliko karafuu yenyewe.

ChachuArusha (#5)

Kijiti, hapana. Mimi napika bia, ni kazi yangu, na hili nalijua kwa mikono. Hakuna aliyetia kitu. Ni hamira.

Nifafanue pole pole. Kwenye ganda la ngano na la shayiri kuna asidi inaitwa feruliki. Yenyewe haina harufu ya maana. Mpikaji akiloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 44 hivi kwa muda, asidi hiyo inaachia kutoka kwenye ganda na kuingia kwenye maji. Baadaye inakuja hamira. Hamira ya bia ya ngano, ile ya kusini mwa Ujerumani, ina uwezo wa kuimega asidi hiyo, na kinachobaki ni kitu kinaitwa vinili gwayakoli. Sasa MchumaKarafuu asikilize: hicho kitu na eujenoli ya karafuu ni ndugu. Kiini kimoja, tofauti ni mkia tu. Pua inawasoma karibu sawasawa. Kwenye bia hakuna ule utamu wa tumba wa kukilainisha, kwa hiyo kusema "makonyo" ni kusema kweli kuliko kadi zote nilizowahi kusoma. Nimelirudia neno hilo leo mara kadhaa hapa kiwandani.

Ile ndizi nayo ni kazi ya hamira hiyo hiyo. Ukiiacha ichachue kwenye joto la nyuzi 22 au zaidi, ndizi inatawala. Ukiishikilia 17 au 18, karafuu inasimama mbele. Mpikaji wa bia ya ngano anacheza kati ya hizo mbili siku zote.

Wazee wa Bavaria walipopitisha sheria ya 1516 kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji, hamira hawakuitaja, kwa sababu hawakujua kuwa kuna kiumbe humo. Walikuwa wanaona povu na mashapo. Mpaka mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipochunguza uchachu katika karne ya 19, na 1883 Emil Christian Hansen pale kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, akafanikiwa kuotesha hamira ya aina moja peke yake. Kabla ya hapo watu waliinusa kazi yake karne na karne bila kujua mfanyakazi ni nani.

Na hapa kuna jambo nataka wahudumu wote wa kaunta walishike. Harufu hiyo hiyo ukiikuta kwenye laga, bia imeharibika. Hamira nyingi za bia zimeupoteza uwezo huo kwa kulelewa na watu vizazi vingi. Hamira za porini bado zinao. Laga ikinukia karafuu, ujue mgeni asiyealikwa ameingia mtungini. Mkuu wa Jambiani, bilauri yako ya kwanza ilikuwaje?

KauntaYaMashariki (#6)

Laga ilikuwa safi, mkate mweupe na majani makavu kidogo. Asante sana Chachu. Nimesoma jibu lako mara tatu, halafu nikaenda jikoni nikamsomea shangazi. Akauliza: "Hamira hii hii ya mandazi?" Nikamwambia ni ukoo mmoja. Akacheka sana.

Swalihina (#7)

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi wote na nashukuru kwa elimu ya karafuu. Lakini nitasema la moyoni. Huyu bibi ni Muislamu, ametafuta rizki jikoni. Mmempenda kwa pua yake, na hofu yangu ni kwamba kesho ataitwa kaunta "njoo utunusie hii, njoo utunusie ile". Mtu haanzi hivyo kwa kutaka. Anaanzishwa na wenziwe wenye nia njema. Hii ni nchi yenye watu wake na dini yao, na hata nyinyi wageni wetu kutoka Bara mnalijua hilo. Namuomba mwenye uzi alifikirie.

KauntaYaMashariki (#8)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Sitajitetea, kwa sababu Ijumaa meneja alisema maneno hayo hayo uliyoyaandika: "mwite yule mama atuchagulie." Nilinyamaza. Nilipaswa kusema hapana pale pale. Nimeshamwambia leo asubuhi, na amekubali. Hataitwa kaunta.

BintiMakunduchi (#9)

Swalihina umesema kweli, na mwenye uzi amejibu kiungwana. Mie naona iko njia ya tatu. Elimu ya shangazi haimo kwenye bia. Imo kwenye viungo. Basi achukue vichupa, atie karafuu kimoja, makonyo kimoja, iliki, mdalasini, ganda la danzi, kahawa, awafundishe vijana kunusa jikoni kwake, juu ya meza yake, bila ya tone la pombe. Na alipwe kwa saa hizo, maana hiyo ni kazi. Halafu vijana wenyewe waende nayo kaunta.

Mie nimefundishwa kunusa na bibi yangu mzaa mama. Zamani alikuwa akiumulia mkate wa kumimina kwa tembo la mnazi, hamira ya dukani ilikuwa shida. Tembo likishuka mnazini asubuhi ni tamu, linanukia dafu. Mchana limeshachachua. Kesho yake limekuwa kali, na ukiliacha linakuwa siki. Bibi hakulinywa hata mara moja, lakini alikuwa anajua kwa pua tu saa ya kulitia kwenye unga: "bado", "bado", "sasa". Na alimjua mgema anayetia maji kabla hajatua kibuyu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, na bibi hakumsifu hata siku moja.

Swalihina (#10)

Hilo la vichupa sina neno nalo. Allah amzidishie.

MchumaKarafuu (#11)

Makonyo ya hicho kichupa nitayatoa mie. Nitatuma na mtu kwenye boti ya Jumanne, mwenye uzi aje ayachukue bandarini Malindi, mjini Unguja. Ya mwaka huu, hayajaingia maji.

Nungwi_Bar (#12)

Niwarudishe kidogo kwenye bilauri, kwa sababu kuna jambo hamjaligusa na ndilo linalotuua huku visiwani: safari.

Bia ya viwanda vidogo mara nyingi haikupashwa moto kuua vijidudu, na haikuchujwa sana. Iko hai. Inataka baridi kutoka kiwandani mpaka kwenye bomba lako. Sasa fikiria pipa linatoka Bara kwa lori, linashinda bandarini, linapanda chombo, linashuka, linakaa tena juani likisubiri karatasi. Mwaka jana nilipokea mapipa manne kutoka kwa msafirishaji mmoja, nimeyagusa yana joto la mwili wa mtu mwenye homa. Nilipoyafungua, ile IPA iliyotakiwa kunukia machungwa ilinukia boksi la karatasi lililolowa. Nilimwaga karibu lita 60. Niliumia, kwa sababu najua kuna mtu aliipika ile kwa uangalifu, na mgeni angeionja angelilaumu jina lake.

Na jua lenyewe ni adui, achilia mbali joto. Mwanga ukiipiga bia kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi, uchungu wa hopsi unageuka kuwa harufu ya mnyama. Haihitaji siku, dakika chache za jua la saa saba ufukweni zinatosha. Chupa ya kahawia inakinga zaidi. Mimi mgeni akiniomba apelekewe ubao wa kuonja kwenye kitanda cha jua, namwambia kwa upole asogee chini ya makuti.

La mwisho, baridi kupita kiasi. Laga ipe nyuzi 5. Lakini stauti ukiitoa na barafu umeizika, hainukii chochote. Iache ipande hadi 10 au 12. Huku kwetu kwenye joto mtu anadhani bia haina baridi ya kutosha kamwe, na kwa kiu ni sawa. Kwa kuonja si sawa.

Kijiti (#13)

Chachu, nimekubali kuhusu hamira. Nilizungumza kwa haraka. Swali moja: kama hopsi ni kwa ajili ya uchungu, kwa nini hatulimi hapa tukaacha kuagiza?

ChachuArusha (#14)

Hopsi unapenda siku ndefu sana za kiangazi na baridi ya kuulaza. Karibu na ikweta siku zetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, mmea hauchanui inavyotakiwa. Afrika Kusini wanaulima huko George, kusini kabisa. Sisi tuna shayiri, inalimwa huku kaskazini.

Ila uchungu si lazima utoke kwenye hopsi. Mwenye uzi ni Mchaga, hebu atuambie mbege inatiwa nini.

KauntaYaMashariki (#15)

Msesewe! Gome la mti. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa, unatengenezwa uji wa ulezi ulioota, na gome la msesewe linachemshwa humo kutoa uchungu. Mama yangu akizidisha msesewe majirani walimwambia bila kumficha. Bila huo uchungu mbege ni uji mtamu tu. Nilipoonja IPA mara ya kwanza maishani, niliwaza msesewe, na sikumwambia mtu kwa sababu hilo neno halikuwa kwenye kadi.

Mnaona tunapoelekea?

KauntaYaMashariki (#16)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na nusu. Mrejesho.

Makonyo ya Wete yalifika. Shangazi aliweka vichupa tisa kwenye meza ya jikoni, saa nne asubuhi, kwa siku sita, na analipwa posho ya mafunzo. Nilisisitiza iandikwe hivyo kwenye vitabu. Vijana wanne walifunga macho na kunusa. Siku ya kwanza watatu walichanganya karafuu na makonyo. Siku ya nne hakuna aliyekosea. Yeye ni mkali. Mtu akisema "harufu nzuri" anamrudisha mwanzo: "Nzuri si jina."

Kadi ya zamani nimeitoa. Mpya tumeiandika sisi, kwa Kiswahili kwanza, na mgeni anatafsiriwa hapo hapo mezani. Laga: boflo la asubuhi, mchaichai mkavu. Ngano: makonyo, ndizi pukusa iliyoanza madoa. Shaba: sukari guru, kashata ya karanga. IPA: ganda la danzi, balungi, embe iliyokaribia kuiva, na mwisho uchungu wa msesewe. Stauti: kahawa ya mtaani iliyokaangwa ikapita kidogo, masizi ya kifuu. Wageni wanauliza maswali ambayo hawakuwahi kuuliza. Kijana wa Makunduchi anaeleza danzi kwa mikono yote miwili, maana kwao lipo uani.

Juzi tulifungua pipa la pili la ngano, lilikuja na mzigo ule ule lakini lilikaa stoo isiyo na baridi, kosa letu. Kijana wangu aliinusa kabla ya kumimina, akasita. Akasema makonyo yamepungua sana, halafu kuna kitu kama vanila. Nilimbishia. Nikanusa. Ni vanila. Chachu, hilo linawezekana?

ChachuArusha (#17)

Linawezekana kabisa. Ile gwayakoli haidumu. Muda na joto vinaila, na sehemu yake inageuka kuwa vanilini, ndiyo hiyo hiyo ya vanila. Bia ya ngano ni ya kunywewa ikiwa changa. Kijana wako amesoma umri wa pipa kwa pua. Mwambie nimesema hivyo.

Usiliuze hilo kwenye ubao. Nirudishie namba ya pipa kwa ujumbe wa pembeni, nitamtafuta aliyepika tuone lilitoka lini.

KauntaYaMashariki (#18)

Nimemwambia. Pipa nimelitoa kwenye bomba. Namba inakuja.

MchumaKarafuu (#19)

Na makonyo yakiisha niambie. Msimu bado haujakwisha huku.